Chupa ya Arobaini na Moja

Kwa wiki tatu Daktari alikuwa mwema kupita kiasi, na wema wa namna ile haukosi sababu. Alimpelekea Fundi chai kazini bila kuombwa. Alimfulia ovaroli lake la saruji mpaka likarudia rangi ambayo Fundi mwenyewe alikuwa ameisahau. Fundi akisema leo kuna baridi, naye alijikunyata. Fundi akisema joto, alijipepea. Yeyote aliyemfahamu Daktari, mwanamke ambaye angeweza kubishana na kalenda kuhusu tarehe, angeshtuka mara moja. Lakini Fundi alikuwa amezama katika mapenzi, akadhani anapendwa tu, basi.

Hakuwa daktari wa watu. Alikuwa mtaalamu wa ikolojia ya mito, na jina la Daktari lilimjia kwa shahada yake. Wagonjwa wake walikuwa vijito. Aliingia majini na buti za mpira zilizomfika mapajani, akavuruga changarawe kwa mguu huku ametega wavu mbele, kisha akamwaga alichonasa kwenye sinia jeupe na kuanza kuhesabu wadudu mmoja mmoja kwa kibano. Kwa wadudu hao aliweza kusema kijito hiki ni kizima, hiki kinaumwa, na hiki kimeshakata roho ila hakuna aliyekitangaza.

Fundi alikuwa mwashi wa mawe. Walikutana kwa sababu ya ukuta. Baba yake Fundi, ambaye kila mtu alimwita Mzee, aliujenga kwa mikono yake kukatisha kijito kilichopita bondeni, chini ya nyumba yao, ili maji yapande kidogo na kulisha mabwawa yake matatu ya samaki. Mradi wa Daktari ulikuwa wa kukirudishia kijito uhai, na ukuta ule ulizuia samaki wa asili kupanda kwenda kutaga na changarawe kushuka. Dawa yake ilikuwa kubomolewa, mabwawa yakilishwa kwa mfereji kutoka juu ya kijito. Lilikuwepo sharti moja tu, na hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua: kama chini ya ukuta, kule maji yanakoshukia, wameonekana kamba wekundu wa mtoni, wale wageni wenye magando wanaokula mayai ya samaki na kutoboa kingo, basi ukuta hauguswi hata kwa kidole. Ndio mlango unaowafungia huko chini.

Daktari aliwatafuta. Alichukua sampuli arobaini na moja chini ya ukuta, akazitia kwenye chupa za spiriti, akaandika lebo kwa penseli kwa kuwa wino ungeyeyuka. Chupa arobaini alizichambua mpaka tone la mwisho. Hakukuwa na kamba hata mmoja. Ya arobaini na moja hakuifungua.

Siku hiyo ndiyo siku ambayo Fundi alimpeleka kwao kwa mara ya kwanza. Mama yake Fundi alikuwa ametuma neno kwamba waende mapema, na Daktari alikuwa na gauni la kupiga pasi na moyo uliokuwa umetangulia kufika. Akaandika sifuri kwenye jedwali, akajiambia chupa ataichambua kesho. Kesho ilikuja na furaha zake. Baadaye aliikumbuka mara mbili. Mara ya pili ilikuwa siku ya kukabidhi ripoti, na akajiuliza, arobaini zikiwa safi, moja itabadili nini?

Fundi ndiye aliyemshawishi baba yake. Fundi ndiye aliyeubomoa ukuta, jiwe kwa jiwe. Miezi sita baadaye kamba wekundu walikuwa kwenye mabwawa.

Na wiki tatu zilizopita, akipanga rafu, Daktari aliiona ile chupa na utepe wake bado umezunguka kifuniko. Aliifungua hapo hapo. Hakuhitaji hata darubini. Katikati ya majani yaliyooza alilala kamba mdogo, urefu wa ukucha, magando yake mawili yamekunjwa kifuani. Daktari alikifunga kifuniko, akairudisha chupa mahali pake, akaenda kumpelekea Fundi chai.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa Jumamosi ile, saa sita mchana, mlango wa maabara ulipogongwa.

"Hodi! Kuna mgonjwa hapa."

"Karibu," Daktari aliitika. "Anaumwa nini?"

"Njaa ya kuoa."

Fundi aliingia amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vinang'aa, na saruji nyuma ya sikio. Alikuwa mrefu, na katika chumba kile cha vioo na vichupa alitembea kwa tahadhari, kama mtu aliyebeba mayai. Daktari alicheka, ila kicheko kilichelewa kidogo.

"Baba amekubali," Fundi alisema.

"Amekubali nini?"

"We! Msomi mzima unauliza amekubali nini? Amekubali kwenda kwenu kuonana na wazazi wako. Leo anatuita mezani, atoe neno lake mwenyewe, mama asikie, yaishe."

Daktari alishika ukingo wa meza. Miezi minne Mzee hakutaka hata atajwe nyumbani kwake. Akipita barabarani Mzee alikuwa anageukia upande wa pili, mtu mzima na mvi zake, ili asipewe shikamoo akalazimika kuitikia.

"Imekuwaje?" aliuliza.

Fundi alijikuna shingo. Akaegemea rafu, bega lake sentimita chache tu kutoka chupa ya arobaini na moja. "Nimemwambia kosa ni langu."

"Kosa gani?"

"Nimemwambia wewe ulinielekeza nipunguze mawe ya juu, safu ya chini niiache, samaki wapande na kamba wazuiwe. Mimi na kichwa changu kigumu nikang'oa yote."

"Lakini sikukuelekeza hivyo."

"Najua."

"Nilikwambia ung'oe yote mpaka kwenye mwamba."

"Najua, mpenzi. Nilikuwepo." Alitabasamu. "Ni uongo mdogo tu. Mimi ni mwanawe, ataninunia miezi miwili, wa tatu atanitumia nikamletee misumari. Wewe akikuchukia ndiyo basi tena. Na kosa hukufanya! Ulipima, ukakuta hakuna kitu. Kamba wamekuja baadaye, nani alaumiwe? Lakini mzee anataka mtu wa kumkasirikia. Basi anikasirikie mimi, nina mgongo mpana."

Kosa hukufanya. Daktari aligeuka, akafuta meza iliyokuwa safi.

Fundi, katika furaha yake, alinyoosha mkono akachukua chupa kwenye rafu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Daktari alisogea hatua moja.

"Huyu naye ni nani?"

"Mtoto wa kereng'ende," Daktari alisema. Ilikuwa chupa iliyokaa jirani na ile.

"Ana sura ya mjomba wangu," Fundi alisema, akairudisha. "Twende, mama hapendi tuchelewe."

"Fundi, kuna jambo nataka kukwambia."

"La kufa?"

"Si la kufa."

"Basi litangoja tule kwanza."

Angeweza kumshika shati. Angeweza kusema hapana, halingoji, keti hapo kwenye kigoda unisikilize. Alivua koti lake jeupe la maabara, akalitundika, akaangalia kama uso wake uko sawa kwenye kioo cha kabati, akatoka naye. Hilo baadaye ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba aliangalia uso.

*

"Mkwe wangu!" Mama yake Fundi alimkumbatia mlangoni mpaka miwani ikaenda upande. "Umekonda. Hao wadudu wako wanakula vizuri kuliko wewe?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita. Leo nyumba hii ina raha, nilikuwa nimeikumbuka."

Wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa msusi, na kila kichwa kilichopita mbele yake alikikagua kwanza kabla ya kumsalimu mwenyewe. "Wifi, hizi nywele nani kakufanyia? Huyo ana kisasi na wewe. Jumatatu uje nikuokoe."

Wote walicheka. Daktari alicheka nao, na kila kicheko kilimwongezea mzigo. Walikuwa wamempangia kiti kati ya Fundi na mama, kiti chenye mto. Kwenye ukuta wa sebule ilining'inia picha ya Mzee akiwa kijana, kifua wazi, amekalia rundo la mawe, na mtoto mdogo mapajani. Mtoto alikuwa ameshika jiwe kwa mikono miwili, uso mzito, kana kwamba amekabidhiwa dunia.

"Huyo ni nani?" Daktari aliuliza, ingawa alijua.

"Si ndiye huyu bwana harusi wako!" Wifi alisema. "Miaka mitatu, na tayari anajifanya fundi."

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Mzee aliingia ameloa mpaka magotini, ndoo mkononi. Ndani ya ndoo kitu kilikuwa kinakwaruza plastiki bila kupumzika. Aliitua sakafuni karibu na mlango, akavua buti, akanyoosha mgongo polepole akiwa ameshika kiuno.

"Shikamoo, Baba," Daktari alisema, amesimama.

"Marahaba," Mzee aliitika.

Ilikuwa marahaba ya kwanza baada ya miezi minne. Fundi alimkonyeza.

"Leo mia moja na kumi na wawili," Mzee alimwambia mkewe. "Kwa mkono. Bwawa la kwanza limekauka kabisa, limetobolewa kama chujio. La pili linavuja. Vifaranga vya samaki vimebaki vya kuhesabu." Kisha akaenda kunawa.

Walikula. Daktari hakujua anakula nini. Mama alimwongezea, yeye akamaliza, mama akamwongezea tena. Fundi alisimulia kuhusu mteja aliyetaka ukuta ulionyooka juu ya ardhi iliyopinda, na wifi akacheka mpaka akapaliwa. Mzee alikula kimya. Sahani zilipoondolewa alikohoa mara moja, na meza nzima ikatulia.

"Mimi si mtu wa hotuba," alisema. "Ukuta ule niliujenga mwaka niliomwoa mama yenu. Bila saruji, mawe tu, kila moja limemkalia mwenzake. Ulipita mafuriko mawili. Nilipoambiwa ubomolewe nilikataa, mnajua. Huyu mwanangu akaja, akaniambia, baba, huyu binti anajua kazi yake, niamini. Nikamwamini. Kilichotokea mnakiona kwenye ndoo."

Hakuna aliyetazama ndoo.

"Miezi yote hii nimemwekea binti wa watu kinyongo. Nimemnyima salamu. Nimesema maneno hapa ndani ambayo mama yenu aliniambia sitaweza kuyarudisha. Kumbe alielekeza vizuri, mwanangu ndiye hakusikia." Aligeuka, akamtazama Daktari machoni kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu kwa maji ya bwawa. "Binti, nilikuonea. Mimi ni mtu mzima, lakini mtu mzima naye hukosea. Naomba unisamehe."

Mama alifuta jicho kwa ncha ya khanga.

"Na wewe," Mzee alimgeukia mwanawe, na sauti ikabadilika. "Kubomoa si kosa. Kosa ni kuelekezwa usisikie. Mtu wa mawe asiyesikia atakuja kuua watu. Kuanzia leo usiguse jiwe lolote katika ardhi yangu. Na hilo jina la fundi, ndani ya nyumba hii sitaki kulisikia likitajwa kwako. Nilikufundisha mimi, nakunyang'anya mimi."

"Baba!" wifi alishtuka.

"Nimemaliza. Wiki ijayo nitakwenda kwao, nitasema na wazazi wake kwa heshima zote. Hilo ni lake binti. Lako wewe ni hilo nililosema."

Fundi alikuwa amepauka. Daktari alimwona akiitazama picha ile ukutani na kuyaondoa macho haraka. Halafu, chini ya meza, mkono wake mgumu wa mawe ulimtafuta Daktari mkono, ukamminya kwa nguvu, kwa furaha. Tumefanikiwa, mkono ulisema.

"Sawa, baba," Fundi alisema kwa mdomo.

Hapo ndipo Daktari aliposhindwa kuvumilia.

"Usiniombe msamaha, Baba." Alikuwa amesimama, na hakukumbuka kusimama. "Tafadhali. Usiniombe."

"Keti, mpenzi," Fundi alimnong'oneza.

"Hakuna aliyekosea kunisikia. Nilimwambia ang'oe mawe yote, akang'oa yote, vile vile kama nilivyosema. Amekudanganya ili unipende. Mimi ndiye niliyekosa."

"Anataka kunitetea tu," Fundi alisema akijaribu kucheka. "Baba, unajua wanawake wakipenda..."

"Nilichukua chupa arobaini na moja," Daktari aliendelea, akijua kwamba akinyamaza sasa hatasema tena maisha yake yote. "Nilichambua arobaini. Moja sikuifungua. Nikaandika kwamba haina kitu. Nimekuja kuifungua wiki tatu zilizopita, na alikuwemo kamba. Mdogo, lakini alikuwemo, chini ya ukuta wako, kabla haujaguswa. Ningemwona siku ile, ningekuja hapa mwenyewe kukwambia usikubali ukuta ubomolewe."

Ndoo ilikwaruza. Mama alimtazama mumewe, mumewe alimtazama Daktari.

"Kuifungua chupa moja na kutazama kunachukua muda gani?" Mzee aliuliza.

"Saa moja. Ikizidi sana, mbili."

"Siku hiyo ulikuwa wapi?"

Daktari alitamani asiulizwe hilo. "Hapa," alisema. "Ndiyo siku mliyonikaribisha mara ya kwanza."

Mama yake Fundi alijiziba mdomo. "Siku niliyosema mje mapema," alisema taratibu. "Uwii. Basi na mimi nimo."

"Wewe humo hata kidogo," Mzee alimwambia bila ukali. "Keti."

"Nimeketi, baba watoto."

Daktari hakuweza kumtazama Fundi, lakini alihisi mkono wake unamwacha, kidole kimoja kimoja.

"Wiki tatu," Fundi alisema.

"Fundi, nilitaka kukwambia. Leo maabara nilitaka..."

"Wiki tatu. Ndiyo ulianza kuniletea chai." Alikuwa anaongea polepole, akipanga mambo kichwani. "Na ovaroli. Na ile siku nilisema upuuzi kuhusu mbolea, ukakubali. Nikamwambia dada, siku hizi hata hanibishii, mapenzi yamemlainisha. Nilikwenda kujisifu kwa watu, Daktari."

"Nakupenda. Hiyo haijawahi kuwa uongo."

"Ile chai yote," Fundi alisema, akasukuma kiti, akatoka kwa mlango wa nyuma.

*

Daktari alimkuta ameinama kwenye bomba la uani, ananawa uso, shati lake jeupe limelowa kifuani. Chini ya uwanja mabwawa matatu yalionekana vizuri. La kwanza lilikuwa tope lililopasuka, kingo zake zimejaa mashimo yenye ukubwa wa ngumi. Ng'ambo yake kijito kilipita kwa kasi, huru, kizuri, kama alivyokiahidi kwenye ripoti.

"Nitukane," Daktari alisema. "Sema lolote."

"Nikuulize kitu kimoja tu." Fundi hakugeuka. "Ulipomwona huyo kamba kwenye chupa, kitu cha kwanza ulichofikiria ni nini? Cha kwanza kabisa."

Jibu zuri lilikuwepo karibu, lingeweza kuchukuliwa. Angesema alimfikiria Mzee. Angesema alifikiria kijito.

"Nilifikiria kwamba nitakukosa wewe."

"Si baba."

"Hapana."

"Baba anaamka kila siku, kiuno kibovu vile, anaokota kamba mmoja mmoja tangu gizani mpaka mchana. Na wewe ulikuwa unajua. Na ulinifikiria mimi."

"Ndiyo." Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. "Sitajitetea."

Fundi alifunga bomba. Alijifuta uso kwa mkono wa shati. Alipoongea hasira ilikuwa imepungua, na kilichokuwa kimebaki kilikuwa kibaya zaidi.

"Mimi nilisimama mbele yake jana nikamdanganya usoni. Unajua nilimfikiria nani? Wewe. Nilimwacha mtu mzima aombe msamaha mezani kwake kwa kosa ambalo hakufanya, na moyoni nikafurahi." Aligeuka hatimaye, lakini akatazama bega lake, si macho. "Tumependana juu ya mgongo wa yule mzee, Daktari. Wote wawili. Sasa hata nikitaka kukukasirikia peke yako siwezi."

"Basi tukamwombe msamaha pamoja."

"Halafu? Wiki ijayo aende kwenu amevaa koti, kama vile hakuna kitu? Mimi siwezi kumwomba hilo. Wewe unaweza?"

Daktari alitikisa kichwa. Walijua wote wawili kwamba posa imekufa pale bombani, na hakuna aliyelitamka neno hilo.

Mzee alitokea mlangoni, miguu mitupu, ndoo mkononi. Nyuma yake mama na wifi walisimama kwenye korido wakijifanya wanatafuta kitu.

"Nina swali la kitaalamu," Mzee alisema. "Mengine tutayasema siku nyingine, nikiwa nimetulia, na wewe mwanangu lako lipo, usidhani limepita. Binti, nataka kujua jambo moja. Ukuta ukirudishwa, kamba watakwisha?"

"Nitaujenga mimi," Fundi alidakia. "Baba, niruhusu hilo tu. Kabla ya mvua nitakuwa nimemaliza. Mawe yote yapo, niliyapanga kando, sikupoteza hata moja."

Baba na mwana walimtazama Daktari. Kwa mara ya kwanza tangu mezani nyuso zote mbili zilikuwa na tumaini, na zilifanana sana. Ilikuwa rahisi mno kusema labda. Labda si uongo. Wataalamu huisema kila siku. Fundi angepata kazi ya kumrudisha kwa baba yake, Mzee angepata ukuta wake, na yeye mwenyewe angepata miezi miwili ya kusamehewa.

"Hapana, Baba," alisema. "Wameshapita. Wako kilomita mbili juu ya pale ulipokuwa ukuta, nimekwenda kuwatafuta mwenyewe, na wanataga. Ukuta ulikuwa unafaa walipokuwa chini tu. Sasa hautasaidia kitu, na hakuna dawa ninayoifahamu ya kuwamaliza. Wakiokotwa kila siku watapungua, bwawa la tatu linaweza kupona. Wasipookotwa siku chache wanarudi."

Mzee aliitua ndoo. Alikaa juu ya kizingiti polepole, mkono kiunoni, akatazama mabwawa yake.

"Kila siku," alisema.

"Kila siku."

"Mpaka lini?"

"Siku zote, Baba."

Mama alikuja akasimama nyuma ya mumewe, akaweka mkono begani pake. Fundi alikuwa amekunja ngumi, macho kwenye rundo la mawe kando ya kijito, yale mawe aliyoyapanga vizuri kwa ukubwa wake bila kupoteza hata moja.

"Kesho nitakuja kuokota," Daktari alisema. "Na keshokutwa. Nitakuja kila asubuhi kabla ya kazi. Jumatatu nitaandika barua ofisini kueleza nilichofanya, na wakinifukuza nitakuja mchana pia."

Fundi alicheka kwa pua, kwa uchungu. "Ili nikusamehe?"

Daktari alijiuliza kweli. Jana angesema ndiyo, na angeficha neno hilo ndani ya kikombe cha chai.

"Hapana. Hata usiponisamehe. Hata ukioa mwingine, nitapita hapo mlangoni kwenu na ndoo yangu, nitampa shikamoo mama, nitashuka bwawani. Si kwa ajili yako."

Wifi, kule korido, alisahau kwamba anatafuta kitu. Mzee alimtazama Daktari kutoka chini pale kizingitini, kwa muda mrefu, bila upole na bila chuki, namna anavyotazamwa kibarua siku ya kwanza.

"Naanza saa kumi na moja alfajiri," alisema. "Na sipendi kuongea nikiwa majini."

"Sawa, Baba."

"Nenda nyumbani sasa."

Daktari aliaga. Mama aliitikia, wifi akaitikia, Mzee alinyanyua mkono kidogo. Alipita mbele ya Fundi karibu kiasi cha kunusa sabuni ya shati lake, sabuni aliyoinunua yeye mwenyewe, naye Fundi hakusogea wala hakumgusa. Alifika kwenye geti na kuanza kuhangaika na komeo, macho hayaoni vizuri.

"Bwawa la pili," sauti ya Fundi ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Fundi alikuwa bado pale bombani, amemgeuzia mgongo, anakunja mikono ya shati.

"Lina tope zito upande wa kushoto. Linavuta mguu. Usiingie peke yako."

Hakusema aingie na nani, na Daktari hakuthubutu kumuuliza.